Baraza la Kutu na Gari ya Busia

Kuna gari moja katika dunia hii ilikosa kuwa yangu kwa siku nne tu. Si mwaka, si mwezi, siku nne. Mpaka leo nikisikia honi ya gari ya zamani, shingo inageuka yenyewe kabla sijaiambia kitu, na mke wangu anasema, "Acha, siyo ile."

Mambo haya ni ya wakati wa Waingereza, kiwanda cha simenti pale Tororo kikiwa bado kipya, kinatema vumbi mchana na usiku. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba mifuko ya simenti, napakia kwenye mabehewa ya reli. Mji wetu ulikuwa mweupe, bwana. Nasema mweupe! Kunguru akitua Tororo asubuhi, jioni wenzake wanamfukuza, wanadhani ni yangeyange. Mama mkwe alikuja kututembelea, akanikuta njiani natoka kazini, akanisalimia kwa adabu nyingi sana na kuniuliza watoto wangu wote hali zao. Alidhani mimi ni baba yangu.

Sasa Jumapili, baada ya misa, wanaume wengine walikwenda kwenye mpira. Sisi tulikwenda nyuma ya pampu ya petroli. Tulikuwa watu kumi na mbili hivi wenye ugonjwa mmoja: magari. Kati yetu sote hakuna aliyekuwa na gari. Mmoja hata baiskeli hakuwa nayo, alikuwa anakuja kwa miguu kutoka kijiji cha Kwapa, na yeye ndiye alikuwa mkali kuliko wote kwenye mambo ya gia. Lakini mtu yeyote akitaka kununua gari kuukuu, iwe ya Mzungu anayerudi kwao, iwe ya Mhindi aliyechoka nayo, alikuwa anatuita sisi kwanza. Hatukutaka malipo. Tulitaka tu tufunguliwe boneti tuchungulie. Watu wakatuita Baraza la Kutu, nasi hatukukataa.

Mkubwa wetu alikuwa mzee mmoja mhunzi wa Nabuyoga, fundi wa majembe. Huyo alikuwa anaweka sikio kwenye mlango wa gari, anagonga kwa kifundo cha kidole cha kati, kama mtu anabisha hodi kwa mkwewe. Kile kidole kilikuwa kimevimba kwa miaka ya kugonga, kikubwa kama kiazi. "Chuma kizima kinaitika," alikuwa anatuambia. "Chuma kilichooza kinanong'ona." Nasi tulinyamaza wote, hata mbwa wa pampu alinyamaza, tunasikiliza kama chuma kitaitika.

Yeye ndiye alitufundisha kutu ni tatu. Kuna kutu ya ngozi, hiyo unaisugua kwa mchanga inaondoka, haishushi bei. Kuna kutu ya nyama, imekula bati lakini haijatoboa ndani, hiyo inashusha bei. Halafu kuna kutu ya mfupa, imeingia kwenye chesisi, na hiyo huulizi bei tena. Unamshukuru mwenye gari, unakunywa maji yake, unarudi nyumbani.

Bei tulikuwa tunahesabu kwa ng'ombe. Shilingi nyingi hazikai vizuri kichwani kwa mtu ambaye hakwenda shule, lakini ng'ombe unamwona. Ukisema gari hii ni ng'ombe wanane, kila mtu anawaona wanane wamesimama pale, na anajua kama gari inafanana nao au haifanani. Kutu ya nyama kwenye madigadi, toa ndama. Kwenye sakafu, toa mtamba. Kwa hiyo kutu kidogo kwetu ilikuwa rafiki ya mnunuzi. Tulikuwa tunaitafuta kama dawa.

Ila ushahidi wetu mkubwa haukuwa sikio. Ulikuwa kitambaa. Tulikuwa na kipande cha amerikani, nyeupe pee, urefu wa mtu. Gari ikitaka kupimwa tunangoja mvua. Ikishanyeshewa, tunatandika kitambaa chini yake, tunakaa, tunangoja idondoke. Pale Tororo vumbi letu ni jeupe, kwa hiyo tone la maji safi au la kijivu, gari ni nzima. Tone la rangi ya chai ya mkandaa, kutu. Na kama linamwagika jekundu kama damu, mfupa umeoza. Kitambaa kilikuwa hakijawahi kutudanganya. Mara moja tu mwenzetu mmoja alidharau, akanunua gari iliyolia damu, na wiki ya pili ikakatika katikati pale reli inapovuka barabara. Mbele ikabaki Tororo, nyuma ikabaki Tororo, lakini hazikuwa pamoja tena.

Tangu hapo tukaweka sheria. Tulikuwa tunakunywa malwa, pombe yetu ya ulezi, kwenye chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na mirija yote inakaa kwa mhunzi imefungwa pamoja. Atakayenunua gari ambayo baraza limeikataa, mrija wake unavunjwa. Atafute chungu kingine. Mnacheka, lakini mtu ambaye hana chungu Jumapili anakaa na nani? Anakaa na mbuzi.

Basi. Hiyo gari niliiona mara ya kwanza kwenye barabara ya Busia. Nilikuwa natoka kununua samaki, nimefunga ngege kwenye keria ya baiskeli, jua linaniua. Nikasikia nyuma yangu honi. Haikuwa ile ya kufukuza mtu. Ilikuwa kama mtu anayesafisha koo kabla ya kuomba kiti. Nikasogea nyasini, ikapita pole pole, haikunirushia vumbi. Gari ndogo, rangi ya maziwa yaliyokaa siku moja, taa mbili za mviringo mbele zimetokeza kama macho ya mtu aliyesikia habari njema. Nyuma imekatwa, imewekwa boksi la mbao la kubebea mizigo. Nikasimama pale. Samaki wakaharibika. Mke wangu aliniuliza jioni kwa nini samaki wananuka, nikamwambia, "Nimeona gari." Akasema, "Na wao walikuwa wanaiangalia?"

Usingizini siitafuti, bwana, yenyewe ndiyo ilikuwa inanitafuta. Nikibeba simenti naiona. Nilijua kila kitu nitafanya nayo. Nitachukua samaki Busia alfajiri, kabla kengele ya kanisa nimefika Tororo, naachana na mifuko, mgongo wangu unarudi kuwa mgongo. Mke wangu nitamweka mbele. Kuendesha nilikuwa sijui, lakini tulikuwa na mwenzetu kwenye baraza, taniboi, utingo wa lori la pamba, alikuwa anaapa anaweza kumfundisha mtu yeyote kwa siku moja. Yeye mwenyewe alikuwa ameendesha mara mbili, na mara moja ilikuwa kwa bahati mbaya.

Mwaka mzima niliipenda hivyo, bila kuambia mtu mwingine. Halafu habari ikafika pampuni: ile gari ya maziwa ya Busia inauzwa.

Mwenyewe alikuwa mzee mmoja Mhindi, mwenye duka la nguo Busia. Macho yalikuwa yamemzimikia, hawezi tena kuendesha, gari imelala nyuma ya duka kiangazi chote. Alikuwa anataka bei ya ng'ombe sita. Mimi nilikuwa nao watano, wanachungwa Kwapa kwa mjomba wangu. Namkosa mmoja tu! Nikaliangukia baraza. Nikasema, "Ndugu zangu, nitafutieni kutu ya ng'ombe mmoja. Mmoja tu. Isipungue, isizidi."

Mhunzi akacheka mpaka akashika ubavu. "Kijana, watu wanaomba gari isiwe na kutu, wewe unaagiza kama nyama?"

Tukaenda Jumapili, watu watatu: mhunzi, taniboi, na mimi. Kutoka Tororo mpaka Busia ni maili kama ishirini, na mhunzi alikuwa kwenye keria yangu, na kitambaa alikuwa amekishika kifuani kama mtoto wa ubatizo. Kila mlima alikuwa anashuka kunihurumia, halafu anapanda tena pale ambapo bado ni mlima. Nilikuwa napiga pedali naimba.

Mzee wa duka alitupokea vizuri, akatutolea chai. Tukaizunguka. Mimi nilijifanya siitaki, kama tulivyokubaliana, nikatazama kuku. Mhunzi akaweka sikio, akagonga mlango. Ikaitika! Ngeeee, kama kengele. Akagonga madigadi, akalala chini akagonga chesisi. Ikaitika. Alipoinuka nikaona uso wake umefurahi, halafu akauficha. Akapata kutu ya nyama kidogo chini ya boksi, nyuma. Akanionyesha kidole kimoja nyuma ya mgongo wake. Ng'ombe mmoja! Moyo wangu ukaruka, ukakosa mahali pa kutua.

Na mvua ikaja. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, ile ya Busia inayokuja kutoka upande wa ziwa bila kubisha. Tukasukuma gari ikanyeshewe, tukakaa barazani kwa mzee, tunangoja. Ilipokatika, taniboi akatandika kitambaa.

Ndugu zangu. Gari ililia. Si tone, ni mfereji. Mwekundu. Ulitoka kwenye milango, ukatoka kwenye mikunjo ya madigadi, ukatoka kwenye chesisi, kitambaa kikawa kama kimefungwa kwa mtu aliyechomwa mkuki. Nilisikia kuku anameza.

Mhunzi akasema, pole pole, "Mfupa."

"Huo ni udongo," akasema mzee wa duka. "Udongo tu. Miezi minne imekaa hapa, barabara hii yote nyekundu."

"Mzee wangu," mhunzi akamjibu kwa heshima, "nimenunulia watu magari tangu vita viishe. Kila muuzaji anasema ni udongo."

"Mimi sikukuita wewe uje utazame. Umekuja mwenyewe."

"Kweli. Na chai yako nzuri."

Mimi nikamvuta mhunzi kando. "Lakini imeitika! Umeisikia imeitika!"

"Nimeisikia."

"Basi?"

"Sikio ni la mtu mmoja. Kitambaa ni cha watu wote." Akaniangalia. "Na wewe huoni, kijana. Unapenda. Anayependa mtoto wa watu huwa anaona makengeza ni urembo."

Mzee wa duka, alipotusikia tunanong'ona, akaita kwa sauti, "Chukua kwa wanne! Ng'ombe wanne, basi, mimi sina haja nayo, macho yamekwisha!"

Hapo ndipo aliponiua kabisa. Taniboi akafyonya. "Umesikia? Sita mpaka wanne, kabla hata hatujamwomba. Mtu anayeshusha haraka hivyo anajua kinachonuka." Na kwa sheria yetu ilikuwa kweli. Bei ikianguka yenyewe, unajiuliza nani ameisukuma. Yule mzee alikuwa amechoka tu na upofu wake, sasa najua. Wakati ule nilimwona mwizi.

Nilikuwa na ng'ombe watano. Ningeweza kusema naichukua, na nikabaki na mmoja wa maziwa. Neno lilikuwa limefika hapa, mdomoni. Nikamtazama mhunzi, nikaona ile mirija imefungwa pamoja nyumbani kwake, na wangu katikati. Nikasema, "Turudi."

Kurudi mhunzi alipanda baiskeli ya taniboi. Mimi nilibeba kitambaa kwenye keria, kimelowa, na sikuimba.

Kitambaa kikabaki kwangu. Nilikitupa pembeni, sikutaka kukiona. Siku ya Alhamisi mke wangu akaenda mtoni na nguo, akakichukua pamoja na zingine bila kuniuliza. Nilikuwa nimekaa nje, siku hiyo sikuwa na zamu, nimekaa tu nimeshika shavu kama mtu anayeumwa jino. Akarudi na karai kichwani, anaanika kwenye ua. Nikaona kitu cheupe kinapepea.

"Hiki ni kitambaa gani?"

"Kile chenu cha wendawazimu."

"Kile kilikuwa na kutu."

"Kutu gani?" Akacheka. "Baba wa watoto, kutu gani inatoka kwa maji ya kwanza, kabla ya sabuni? Wewe unakumbuka shati lako la harusi, uliloanika kwenye msumari? Nimelifua miaka mingapi lile doa? Kutu haitoki. Hii ilikuwa matope. Tena matope ya Busia, nayajua, kanga zangu zote zimekula hayo matope nikienda sokoni."

Nilisimama pale. Watu kumi na mbili, miaka yote hiyo, tumegonga, tumenusa, tumelamba hata, mmoja wetu alikuwa analamba. Hakuna aliyewahi kumwuliza mtu anayefua. Tulikuwa watu wa mji mweupe. Vumbi letu lilikuwa jeupe, tukadhani vumbi la Mungu lote ni jeupe, na kila kilicho chekundu ni kutu. Yule mzee alituambia. Alituambia kwa Kiswahili kizuri kabisa.

Sikumaliza kumsikia mke wangu. Niliruka kwenye baiskeli. Nakwambia siku ile mimi nilikuwa na mbio, gari moshi la Tororo lilinipigia filimbi limpishe mkubwa. Mnyororo ulitoa moshi. Maili ishirini sikumbuki hata moja, nakumbuka tu nilikuwa nawauza ng'ombe wangu njiani mmoja mmoja, huyu, na huyu, na yule mwenye pembe moja, wote, chukua.

Nikafika, nikazunguka nyuma ya duka. Pale ilipokuwa imelala palikuwa pakavu, umbo la gari kabisa, na kuzunguka pote tope. Kuku walikuwa wamekaa katikati.

"Imeondoka asubuhi hii," mzee wa duka akaniambia. Nilikuwa nimemsalimu, akanijua kwa sauti. "Daktari mmoja wa zahanati, upande wa Kenya."

"Kwa bei gani?"

"Sita."

"Hakupunguza?"

"Hakuuliza kitu. Hakutazama chini hata. Alipiga honi mara moja, akacheka, akalipa." Halafu akasema kama mtu anayeniomba radhi, wakati mimi ndiye ningemwomba, "Wewe ungekuja jana."

Akanitolea chai. Nikainywa nimesimama.

Jumapili nilipeleka kitambaa kwa mhunzi, kikavu, cheupe. Nikamwambia maneno ya mke wangu. Akakishika, akakinusa, akakishika kwenye mwanga. Wenzetu wote walikuwa pale. Kile kidole chake kikubwa kikawa kinagonga goti lake pole pole, na goti haliitiki. "Kijana," akasema, "nimekula gari yako." Kuanzia siku ile gari yoyote ya upande wa Busia tuliiosha kwanza kwa ndoo ishirini. Na wake zetu tuliwauliza. Lakini hakuna gari nyingine iliyonipitia njiani namna ile, na ng'ombe wangu mmoja mmoja wakaenda kwa mahari ya wadogo zangu.

Nilikuwa nakwenda Busia zaidi ya mtu mwenye shughuli. Mke wangu alikuwa anasema nimeoa huko. Mpaka wa Uganda na Kenya unapita pale Busia, na wakati ule haukuwa kitu, kuku alikuwa anataga Uganda anaatamia Kenya. Nilisimama pale siku za soko natazama barabara. Nilikuwa nimeisikia mara mbili tatu, kwa mbali, ile honi ya kusafisha koo, na kila mara nikifika nakuta nyayo za tairi.

Mpaka siku moja, siku ya soko, miaka imepita, Waingereza wenyewe wameanza kufunga masanduku. Natoka na samaki, naiona. Imesimama kando ya barabara, hatua chache kabla ya mpaka, boneti juu, na yule daktari wa zahanati ameinama ndani, kola imelowa jasho. Rangi ya maziwa ilikuwa imefifia, taa moja imefungwa kwa waya. Zaidi ya hapo, bwana, ilikuwa nzima.

"Wazee!" daktari akaita. "Nisukumeni kidogo, hendeli ya kuwashia imenishinda!"

Wakaja watu watano. Mimi nilikuwa wa kwanza, baiskeli niliiacha ianguke pale pale na samaki wake. Nilichukua mahali nyuma, upande wa kushoto, nikaweka mikono yote miwili kwenye bati la madigadi. Ilikuwa na joto la jua. Na kabla hatujaanza, kwa siri, nikagonga kwa kifundo cha kidole.

Ikaitika.

"Mzee, unabisha hodi kwa nani?" mmoja akanitania. "Sukuma!"

Tukasukuma. Ilikuwa nyepesi, au mimi nilikuwa na nguvu. Ikatembea, ikakohoa, ikatembea, ikakohoa tena, halafu ikashika, ikatoa moshi mweusi usoni petu, watu wakapiga kelele za furaha. Daktari akatoa mkono dirishani kushukuru, hakugeuka, akapiga honi.

Mimi niliendelea. Nilikimbia nimeishika, sijui kiasi gani, naisikia inanitoka kwenye viganja pole pole, kwanza kiganja kizima, halafu vidole, halafu kucha. Ilipokwenda kabisa, niliinua kichwa. Nikasikia watu wanacheka nyuma yangu, mbali. Wenzangu wanne walikuwa wameachia zamani, wako Uganda wanapangusa mikono, na baiskeli yangu imelala nyuma yao na ngege wametawanyika. Mimi nilikuwa ndani ya Kenya, katikati ya barabara, mikono bado iko mbele, nasukuma.